Komeo Lililong'aa

Alikuwepo mtu mmoja, jina lake Kapama, aliyekuwa na bunduki ya kuwindia ambayo ilikwisha kutumika mikononi mwa mwingine. Aliinunua kwa mjane wa mwindaji, pamoja na risasi chache zilizofungwa kwenye mfuko wa ngozi, na akaifuatilia mpaka akapata kibali chake halali. Hakuinunua kwa kupenda nyama wala kwa kutafuta sifa. Shamba lake na mashamba ya majirani zake sita yalipakana na msitu, na kila mwaka mahindi yalipoanza kubeba, nguruwe mwitu walitoka msituni alfajiri wakala mpaka jua lilipochomoza. Watu walikwisha jaribu kupiga madebe, wakajaribu mbwa, wakajaribu moto, na nguruwe wakavizoea vyote. Basi majirani wakakubaliana: Kapama aliwahi kuwa mgambo na silaha anazijua, kwa hiyo yeye atalinda, na wao watamlimia. Wakamlimia ekari mbili, wakampalilia mara mbili, na yeye akakabidhiwa alfajiri zao zote.

Siku ya kuichukua bunduki, mjane alimwambia kwamba marehemu hakuacha siku ipite bila kuipaka mafuta. Akamwonyesha komeo lake, yaani kile chuma cha mviringo kinachosukuma risasi ndani ya mtutu na kuifungia humo. Lilikuwa linang'aa kama kijiko kipya. "Hili mume wangu hakuwahi kulifungua," mjane akasema. "Alilikuta zima, akaliacha hivyo hivyo, akawa analipaka mafuta tu." Alisema kwa kujivunia, na Kapama akalipokea neno hilo kama sifa ya bunduki.

Alfajiri ya kwanza, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mahindi, Kapama alichuchumaa ukingoni mwa shamba akawaona nguruwe kumi na zaidi. Akamlenga aliye karibu, akavuta triga. Bunduki ikasema "tk", basi. Nguruwe waliinua vichwa, wakasikiliza kidogo, wakaendelea kula. Hilo ndilo lililomchoma Kapama, kwamba hawakujisumbua hata kukimbia. Akawafukuza kwa mawe kama mtu asiye na bunduki, na aliporudi nyumbani hakumwambia mtu.

Akatandika mkeka kwenye kivuli cha jiko, akatoa risasi, akaanza kuifungua. Alilegeza skrubu mbili za chini, akatenga mtutu na kitako. Ndani alikuta kutu na udongo uliojengwa na wadudu, akasema moyoni, kumbe ni hiki. Akasugua mpaka vidole vikawa vyekundu. Akaanika risasi juani. Mwisho akalichomoa lile komeo zima zima, akalifuta kwa kitambaa, akatia mafuta kwenye tundu lake la nyuma kama marehemu alivyokuwa akifanya, akalirudisha. Saa saba mchana, jua likiwa kali, akawaita majirani, akapiga kichuguu mbele ya macho yao. Mlio ukajaa bonde zima. Wanawake wakapiga vigelegele, na watu wakarudi majumbani mwao wakiwa na amani.

Alfajiri iliyofuata, kwenye baridi, bunduki ikasema "tk".

Ndipo taabu yake ilipoanza. Alifungua tena, akailaumu springi ya triga. Akapanda baiskeli mpaka mjini, mwendo wa nusu siku, akatengenezewa nyingine na fundi. Mchana bunduki ikalia vizuri, alfajiri ikakataa. Akazilaumu risasi, akatafuta mpya. Mchana ikalia, alfajiri ikakataa. Akalaumu kitako, kwamba kina ufa na kinacheza, akakifunga kwa waya na gundi. Juma baada ya juma, watu waliopita njiani walimwona kwenye mkeka ule ule, vyuma vimepangwa mbele yake kwa safu, na wakamsifu kwa bidii yake. Vichwa vya skrubu vilikwisha kulika kwa kufunguliwa. Hata akiwa anakula, vidole vyake vilikuwa vinazunguka vyenyewe, kana kwamba vimeshika bisibisi. Na kila alipomaliza kufungua na kusafisha na kufunga, alimalizia pale pale: komeo, kitambaa, mafuta. Sehemu hiyo hakuitilia shaka. Ilikuwa ndiyo pekee iliyompumzisha macho.

Mkewe, Nyamizi, alimwona anavyokonda. Siku moja alikaa naye kwenye mkeka, akamwambia, "Baba Sizya, waambie watu kwamba haifanyi kazi. Hawatakuua."

Kapama hakuinua macho. "Wamekwisha nilimia," akasema.

Hakuwaambia. Asubuhi ikikutwa nguruwe wamefukua karanga za mtu, Kapama alisema waliingia upande mwingine, au kwamba alifika wakiwa wamekwisha kuondoka. Watu walimwamini, kwa kuwa walikuwa wamesikia mlio ule wa mchana kwa masikio yao. Yeye mwenyewe alichoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Alikuwa akiamka na bunduki isiyolia, akazunguka mashamba saba kwa mawe na kelele, kisha akashinda juani akiitengeneza, na katikati ya hayo yote akawa analinda uongo wake, ambao ulikuwa mzito kuliko vyote.

Jirani yake wa karibu kuliko wote aliitwa Mlela. Huyu alikuwa mtu wa kuwahi shambani. Alfajiri moja alifika na jembe begani kung'oa karanga, akakuta nguruwe wamo, na ng'ambo ya shamba akamwona Kapama amesimama na bunduki. Akafurahi. Akazunguka kwa nyuma ili awaswage kuelekea kwa mlinzi, akiwapigia kelele na kutikisa jembe, kama mtu aliye salama. Nguruwe wengine walikimbia. Dume moja kubwa halikukimbia. Liligeuka, likamwendea.

Kapama alilenga. Lilikuwa umbali wa hatua kumi. "Tk." Akakoki tena, akavuta. "Tk." Dume lilimwangusha Mlela, likamchana nyuma ya goti kwa meno yake, kisha likaingia msituni kwa mwendo wa kawaida, bila haraka. Kapama akaitupa bunduki, akamfunga Mlela mguu kwa shati lake, akambeba mgongoni mpaka barabarani. Njia nzima Mlela alikuwa akiuliza swali moja tu, "Mbona hukupiga?" Na Kapama akazidi kukaza mwendo.

Zahanati ilifanya iliyoweza. Damu ilisimama, kidonda kikashonwa, lakini mshipa ulikuwa umekatika na mguu haukunyooka tena. Mlela alirudishwa nyumbani. Siku tisa Kapama hakwenda kumwona. Aliifungua bunduki kila siku ya siku hizo tisa, akaifunga, akaipaka mafuta. Siku ya kumi Ndila, mke wa Mlela, alikuja akasimama nje ya ua bila kukaribia. "Mwenzako anakuita," akasema. "Amesema uje na bunduki yako."

Kapama alikwenda akijua anakwenda kuhukumiwa, na kwa uchovu wake aliona afadhali. Alimkuta Mlela ameegemea ukuta barazani, mguu umelazwa juu ya mto. Walisalimiana. Kisha Mlela akasema, "Miezi yote hii nakuona kwa mbali ukiifungua. Leo ifungulie hapa, mbele yangu."

Kapama akaketi chini. Akatoa risasi, akalegeza skrubu, akatenga mtutu na kitako. Akatoa triga na springi yake mpya, akaviweka juu ya gunia. Mikono ilikwenda yenyewe. Mlela alitazama kila kipande kama mtu anayesomewa barua. Mwisho Kapama akachomoa komeo, akalifuta, akaliweka kando peke yake, akafikia chupa ya mafuta.

"Na hicho?" Mlela akauliza.

"Hiki ni kizima, jirani."

"Nani alikuambia?"

Kapama alifungua kinywa. Alitaka kumtaja mjane, na marehemu, na namna komeo lenyewe linavyong'aa. Akaona kwamba hayo hayakuwa jibu. Akaiacha chupa ya mafuta pale ilipokuwa.

Komeo lilikataa kufunguka. Alilizungusha kwa nguvu zote, mikono ikateleza kwa mafuta yake mwenyewe. Ndila akaleta mafuta ya taa kwenye sufuria kuukuu, wakalilaza humo mpaka jua likahama upande wa pili wa nyumba. Akaleta maji ya moto, wakalimwagia. Kapama akalifunga kwa kamba, Mlela akashika upande mmoja kutoka pale alipoketi, na mwenyewe akavuta upande wa pili, na ndipo sehemu ya nyuma ilipozunguka kwa mlio wa kukwaruza.

Springi haikuruka nje kama springi. Ilitoka polepole, ikijivuta, imevaa kitu cheusi kinachonata kama ulimbo. Yalikuwa mafuta. Mafuta ya miaka na miaka, yametiwa juu ya mafuta, yakashika vumbi, yakaganda. Mchana yalilainika kwa joto, sindano ya ndani ikapata kupita na kuigonga risasi. Alfajiri, kwenye baridi, yaliishika sindano kama mkono unavyomshika mtu nguo, ikafika kwenye risasi haina nguvu. Kapama akaanza kukwangua kwa kijiti. Mafuta ya ndani kabisa yalikuwa meusi, yale ya marehemu. Juu yake yalikuwepo ya kahawia. Na ya juu kuliko yote, laini bado, yana rangi ya asali, yalikuwa yake mwenyewe. Aliyatambua kwa harufu. Mengine aliyatia asubuhi ile ile.

Alipomaliza, aliishika sindano kwenye mwanga. Ilikuwa nzima. Springi nayo ilikuwa nzima. Tangu siku ya kwanza hapakuwa na kilichovunjika ndani ya bunduki ile.

Hakufurahi. Alikaa ameshika kile chuma kidogo mkononi, akautazama mguu wa Mlela juu ya mto. Kisha akasema alichotakiwa kukisema tangu mahindi yakiwa machanga: kwamba bunduki ilikataa tangu alfajiri ya kwanza, kwamba alilijua hilo kila siku, na kwamba aliwaficha wote.

Mlela aliusogeza mguu wake juu ya mto. Ndila alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Ningejua kwamba inakataa," Mlela akasema, "nisingewakaribia wale nguruwe. Niliwaendea kwa sababu nilikuona wewe." Hakusema kwa hasira. Kapama aliona afadhali angesema kwa hasira.

Jioni hiyo Kapama alipita nyumba moja baada ya nyingine, zote zilizobaki, akawaambia watu jambo lile lile alilomwambia Mlela. Kwenye nyumba moja walimfungia mlango akiwa bado anaongea. Kwenye nyingine mzee wa nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hawatamlimia tena, na Kapama akaitika kwamba ni haki. Alirudi nyumbani miguu ikiwa mizito, akala alichowekewa na Nyamizi, akalala fofofo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Alfajiri, baridi ikiwa kali kuliko siku zote, bunduki ililia. Nguruwe mmoja alianguka, na wengine wakakimbia kama ambavyo wangekimbia tangu mwanzo, wala hawakurudi msimu ule. Hakuna aliyepiga vigelegele. Kapama aliwaachia majirani zile ekari mbili, akavuna alicholima mwenyewe, na kilikuwa kidogo. Mwaka uliofuata alilima shamba la Mlela kabla ya kulima lake, na mwaka wa pili vile vile. Mlela alikuja na fimbo yake, akaketi ukingoni mwa shamba, wakaongea habari za mvua na za watoto. Walikuwa majirani wema. Lakini mguu haukunyooka, na kila Mlela aliposimama kwenda nyumbani, Kapama alishusha jembe, akageuza uso.

Ndugu zangu, mnakuja hapa ibadani kila juma kufungua maisha yenu na kuyasafisha, na mnaondoka mmechoka. Basi nawaulizeni, lile moja mnalolipaka mafuta na kulirudisha bila kulifungua, linangoja mguu wa nani?