Ngiri na Shimo Asilolichimba

Sitaki. Hadithi hii niliwasimulieni mwaka jana, na mwaka juzi pia, na leo mmekuja tena na mikeka yenu, mmekaa mbele yangu mmeachama kama makinda. Nani kati yenu anaweza kuisimulia mwenyewe? Hakuna. Mnajua tu kwamba Bibi anaijua, basi, imetosha. Siku Bibi akifukiwa mtakwenda kuiomba kaburini.

Haya. Paukwa.

Pakawa.

Hiyo ndiyo pakawa ya watu walioshiba ugali wangu? Paukwa.

Pakawa.

Hapo zamani za kale, bibi wa bibi yangu hajazaliwa, Ngiri alikula amesimama. Alikula kama swala, kama punda, kama mnyama mwenye heshima zake. Magoti yake yalikuwa laini, yana manyoya. Yakumbukeni hayo magoti.

Ngiri alikuwa na mke na watoto wanne. Alikuwa na nyumba pia, shimo refu chini ya kichuguu, jua likiwaka ndani kuna ubaridi, baridi ikija ndani kuna joto. Nyumba nzuri. Lakini hakuichimba yeye. Aliichimba Muhanga.

Muhanga ni yule mwenye masikio ya punda, pua ya nguruwe na kucha kama majembe. Chakula chake mchwa. Nyika nzima, mashimo ni yake. Wala hakuwa mchoyo. Akimaliza mchwa wa kichuguu kimoja alihamia kingine, na shimo akamwachia yeyote aliyelitaka. Sharti lake lilikuwa moja. Anayelitaka shimo akae nyuma yake wakati anachimba, autoe udongo. Si kwamba alihitaji msaada, kucha zake zilimtosha. Alitaka mtu atazame. Alikuwa akisema kwamba anayetoa udongo ndiye anayejua ulivyokaa.

Siku ya shimo la Ngiri, Ngiri alitoa udongo mara tatu. Chwa. Chwa. Chwa. Kisha akasema mgongo unamuuma, akaenda zake kugaagaa matopeni. Alirudi jioni nyumba imekwisha. Akaingia, akalala. Mkewe alipomuuliza kama ameona jinsi ilivyochimbwa, alimjibu kwamba kuchimba ni kazi ya Muhanga na kukaa ni kazi yake yeye, na kila mtu ashike yake.

Kitwana, unacheka nini? Baiskeli yako ikipata pancha unamwita nani? Miaka sita unaipanda. Nyamaza.

Jirani yake Ngiri alikuwa Nungunungu, mama mjane, miiba tele mgongoni, kucha fupi kama zangu. Naye aliishi kwenye shimo la Muhanga. Lakini yeye udongo aliutoa mpaka mwisho, na ulipokwisha hakuacha. Kila jioni, kabla ya kwenda kutafuta mizizi, alichimba shibiri moja kando ya nyumba yake. Shibiri, hivi, kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Shibiri moja, kisha anakwenda kula. Na akichimba aliimba:

Kwaru, kwaru, leo shibiri,
kwaru, kwaru, kesho shibiri.

Jioni ya kwanza udongo ulimwangukia kichwani. Tifu. Jioni ya pili, tifu. Jioni ya tatu, tifu. Ngiri alikuwa akirudi malishoni saa hizo hizo, na kila akipita alisimama kumtazama anavyojikung'uta vumbi.

"Mama Miiba," akamwambia, "unajizika ungali hai? Nyumba si unayo?"

"Ninayo ya Muhanga," akasema Nungunungu. "Ya Nungunungu sina."

Ngiri akaenda nyumbani akawasimulia watoto, wakacheka wote mpaka wakakohoa.

Nungunungu akaendelea. Kwaru, kwaru. Alijua kwamba udongo wa mchanga huanguka na udongo mwekundu wa kichuguu hushika. Alijua mlango uwe mwembamba na tumbo la nyumba liwe pana. Alijua kwa nini Muhanga hutia kona baada ya mlango, ili anayeingia kwa ubaya akwame hapo, na mwenye nyumba apate pa kugeukia. Nani alimwambia? Udongo. Ulimwambia kwa kumwangukia.

Ukaja mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha. Mchwa wakashuka chini mno. Muhanga akaona hapana chakula, akaamua kuhamia ng'ambo ya mto. Hakuondoka kimya kimya. Alipita shimo hadi shimo, akiwaambia kwamba anakwenda na huenda asirudi, na mwenye la kuuliza aulize. Nungunungu aliuliza habari ya maji ya masika, nyumba izuiwe vipi isifurike, akajibiwa. Akauliza habari ya mizizi ya mgunga inayotokeza katikati ya ukuta, akajibiwa. Ngiri naye alikuwa na swali moja.

"Utarudi lini?"

Muhanga akampa mgongo. Kisha akaenda zake.

Masika yakaja, majani yakaota, Ngiri akanenepa. Watoto nao wakakua. Mlango ukaanza kuwabana. Kila wakiingia wanajikwaruza mbavu, kila wakitoka wanasukumana. Ngiri akachukia. Akasema Muhanga aliwapunja, mlango gani huu, mlango wa panya. Akaamua kuupanua kwa pembe zake.

Nungunungu akasikia vishindo, akatoka mbio. Akamsihi. Akamwambia, "Jirani, mlango usiuguse. Ukitaka nafasi, panua ndani, tumboni. Njoo kwangu nikuonyeshe, ni hatua kumi tu."

Hatua kumi. Mnasikia? Hakuambiwa avuke mto.

"Tangu lini mwenye miiba akawa fundi?" akasema Ngiri. "Wewe ulifundishwa wapi? Nani alikupa ruhusa? Muhanga mwenyewe hajaniambia mlango una siri, utaniambia wewe?"

Muhanga angemwambia vipi, na siku ya kuchimba Ngiri yuko matopeni kifudifudi?

Akapanua. Gubu, gubu, gubu, siku tatu. Mlango ukawa mpana, tembo angepitisha kichwa. Ile kona nayo akaona inampotezea muda, akaikata, njia ikanyooka moja kwa moja mpaka kitandani. Akawaita jamaa zake waje watazame. Wakaja, wakasifu, wakala, wakaondoka. Mkewe peke yake hakusifu. Alisema kwamba sasa akiwa amelala anawaona wa nje, na wa nje wanamwona yeye. Ngiri akamwambia azoee, hayo ndiyo maendeleo.

Mtego huo aliutega mwenyewe, na ndani akawaweka wanawe.

Siku moja asubuhi, jua limepanda kidogo, wako malishoni wote sita. Mbwa mwitu wakatokea. Si mmoja, wanane, masikio yamesimama kama majani ya mgomba. Ngiri akapiga mlio, familia ikakimbia, mikia juu. Parakacha, parakacha, parakacha. Mbele Ngiri, nyuma yake mama, nyuma watoto. Ndiyo, baba alikuwa mbele. Msiniulize kwa nini, waulizeni wenye tabia hiyo, wengine wamekaa hapa.

Wakaingia kichwa mbele, kama walivyozoea. Zamani ulipokuwa mlango wa Muhanga, hilo halikuwa na neno. Mbwa mmoja angeingia, angekwama kwenye kona, na Ngiri angegeuka akamngoja na pembe zake. Leo mbwa watatu waliingia bega kwa bega kama wageni wa harusi. Ngiri akataka kugeuka. Kona hakuna. Akajipiga huku, ukuta. Akajipiga kule, ukuta. Pembe zake kali zikawa zinautishia udongo, na matako yake yakawa ndiyo askari wa nyumba.

Kitindamimba wake alikuwa wa kike, ana miguu mifupi, huyo ndiye aliyemfuata baba yake kila alikokwenda, na siku hiyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia. Wakamshika. Ngiri hakuona. Uso wake ulikuwa ukutani. Alisikia tu. Alimsikia akiita baba, baba, kisha hakumsikia.

Na wengine wangeliwa pia. Lakini nje kulisikika charara, charara, charara. Nungunungu. Alikuja kinyumenyume, miiba imesimama yote, akawaparamia wale mbwa mlangoni kwa mgongo. Mmoja akapata miiba ya pua. Mmoja akapata miiba ya ulimi. Wakalia, wakatoka, wakakimbia na walichokwisha kukishika.

Mama Ngiri alikaa mlangoni. Nungunungu akamwingiza nyumbani kwake pamoja na wale watoto watatu, naye akaingia mwisho, kinyumenyume, kichwa nje. Si kwenye shimo la Muhanga. Kwenye lile la shibiri. Lilikuwa limekwisha, mlango mwembamba, kona, tumbo pana, na lilikuwa kavu kabisa.

Ngiri akasimama nje, analitazama. Na mjue alisema nini, damu ya mwanawe haijakauka mchangani.

"Mama, na mimi nichimbie kama hili."

Hata hapo. Hata hapo alitaka kuchimbiwa.

"Sikuchimbii," akasema Nungunungu.

"Basi nifundishe."

"Na mimi nilifundishwa na nani? Nilitazama. Nikajaribu, likaniangukia. Nikajaribu tena, wewe ukacheka." Nungunungu akakung'uta udongo kwenye kucha. "Shingo yako fupi, miguu yako mirefu. Pembe hazifiki chini. Unataka kuchimba? Piga magoti."

Ngiri akatazama huku na huku kama kuna anayemwona. Walikuwa wanamwona wote, swala, punda milia, hata ndege. Akapiga magoti.

Akachimba shibiri moja. Tifu, ikamwangukia. Hakuna aliyecheka. Kesho yake akachimba tena. Tifu. Na kwa kuwa alikuwa na watoto watatu wa kulisha na siku haikuwa na nafasi, Nungunungu akamwambia ajifunze hapo hapo anapokula, apige magoti, ale na kuchimba, achimbe na kula. Magoti yakachubuka. Yakatoka damu. Manyoya yakaisha. Ngozi ikawa sugu, ngumu kama kisigino changu hiki.

Akaweza kuchimba? Akaweza kuchimba mizizi. Nyumba hakuiweza. Alikuwa ameanza uzeeni, na Muhanga, fundi wa kutazamwa, alishavuka mto. Mpaka leo Ngiri anazunguka nyikani akitafuta shimo lililoachwa na Muhanga, na akilipata huingia kinyumenyume, pembe nje, kama alivyomwona jirani yake. Hilo moja alilitazama, akalishika.

Mafunzo yenyewe mnayajua, ila nitayasema kwa sababu nawajua na nyinyi. Nyumba unayolala, chombo unachotumia, chakula unachokula, jua kinatengenezwaje. Jifunze mwenye kujua angali yupo, jifunze kidogo kila siku hapo hapo kazini kwako, na usingoje kuitwa wala kushikwa mkono. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, mmelikariri hilo, mmelishona hata kwenye vitambaa vya viti, na bado mnaniita nije niwashe jiko.

Hadithi yangu imeishia hapo, mkitaka kuisikia tena mwakani atasimulia mmoja wenu. Na mkimwona Ngiri anakula amepiga magoti, msiseme anaswali. Analipa. Alilipa mtoto mmoja, akamaliza siku ile ile. Magoti bado anayalipa.