Vidole Vitatu vya Bwana Sorabji

Hapo zamani, sinema zilipokuwa zimejifunza kusema juzijuzi tu, alifika Mombasa Bwana Sorabji Mistri kutengeneza picha ya nyimbo. Picha yenyewe iliitwa Wasichana wa Mstari wa Nyuma. Ilihusu wasichana wanaocheza nyuma ya mwimbaji mkubwa, wala hakuna anayewajua, mpaka siku moja mwimbaji anaugua na mmoja wao anatolewa mbele kuimba.

Mwimbaji mkubwa, Bibi Gulab, alikuja naye melini. Wasichana wa nyuma aliwapata papa hapa mjini, katika chama cha lelemama, ile ngoma ya wanawake ya kusimama safu moja na kucheza kwa mikono. Wazee wao walikubali kwa sharti moja: wacheze nyuma, na kila mmoja ajitande kanga mpaka puani, sura isionekane. Bwana Sorabji akaridhika. Majina yao hakuyauliza. Aliwapa namba, akianzia kulia.

Namba tatu alikuwa Mwanamize binti Kombo. Si Mize, hakupenda kufupishwa. Alikuwa mrefu, mchezaji hodari, na alikwisha kuposwa. Kuimba hakujua. Wenzake walisema sauti yake ni ya mlango wa ghala.

Namba nne alikuwa Zuwena binti Sudi. Huyu ndiye mtoa maneno wa chama. Mwimbaji akiishiwa, Zuwena humnong'oneza mstari, naye huuimba kana kwamba ni wake. Ndivyo walivyozoea, na hakuna aliyeona ajabu.

Namba tano alikuwa Tatu binti Feruzi. Naomba msikilize vizuri hapa: jina lake Tatu, namba yake tano. Sauti alikuwa nayo, lakini hakuwahi kuimba peke yake mbele ya wanaume.

Picha ilipigwa ndani ya ghala la mbata, zile nazi zilizokaushwa. Madirisha yalizibwa kwa magodoro ya sufi ili kelele za nje zisiingie. Kamera ilinguruma kama cherehani, kwa hiyo ilifungiwa ndani ya sanduku la mbao pamoja na mpigaji wake. Maikrofoni ilifichwa katika chungu cha mrehani, karibu na miguu ya Tatu. Kamera ikianza kuzunguka, ilikuwa marufuku hata kukohoa.

Basi watu wakazungumza kwa mikono. Bwana Sorabji akitaka namba mbili asogee, huinua vidole viwili. Akitaka namba tatu, huinua vitatu. Wasichana nao wakaiga. Wakitaka kumwita Tatu, humwinulia vidole vitatu, naye hugeuka, wakacheka bila sauti. Bwana Sorabji hakujua habari hiyo.

Siku ya mwisho filamu ilibaki kipande kimoja, na Bibi Gulab alikuwa na safari ya kurudi kwao. Taa zikawashwa. Joto likapanda. Bibi Gulab aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Ubeti wa pili alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Akashika nguzo, akateleza taratibu mpaka chini, akazimia.

Wapiga fidla waliokaa pembeni hawakunyamaza. Bwana Sorabji hakuweza kupiga kelele. Alitazama kamera, ilikuwa bado inazunguka. Akainua vidole vitatu.

Mwanamize akaviona, akajua ameitwa yeye. Alipiga hatua mbele, na kwa kuwa mwimbaji haimbi amefunikwa mdomo, akaiachia kanga. Sura yake yote ikaingia katika taa.

Tatu naye akaviona, akajua ameitwa yeye. Vidole havionyeshi herufi kubwa. Akafumba macho, akainamia mrehani.

Zuwena alisimama katikati yao. Aliona mmoja ametoka hana neno na mwingine amevuta pumzi hana neno, kwani ubeti wa Bibi Gulab ulikuwa wa lugha ya kwao. Fidla zikirudi kati ya mstari na mstari, yeye akawa ananong'ona. Mdomo wa Mwanamize na sauti ya Tatu vikayapokea maneno yaleyale kwa wakati uleule:

Mstarini nimefika, jina hamjauliza,
Taa zenu zikiwaka, usoni mwaniangaza,
Mmoja akianguka, mwengine hujitokeza,
Vipi mtanitamka, picha mkiimaliza?

Filamu ikaisha. Bibi Gulab akapepewa, akapata fahamu, akapanda meli yake. Alisema jina lake lisiwekwe katika picha ambayo ndani yake ameanguka.

Picha iliposafishwa, Bwana Sorabji aliwaonyesha wazee na akina mama kwanza, mlemle ghalani. Katika picha msichana mmoja alitoka mstarini, akafunua uso, akaimba. Watu walilia. Fundi wa sauti aliapa kwamba hakuwahi kuona mdomo na sauti vikikaa pamoja namna ile. Lakini shangazi wa mchumba wa Mwanamize alikuwamo. Kesho yake posa ikavunjwa.

Kikabaki kitu kimoja: jina la mwimbaji, la kuandikwa mwanzo wa picha. Atakayeandikwa ndiye mji utakayemjua, na ndiye atakayeitwa kuimba katika picha ijayo. Wasichana wakamjia Bwana Sorabji, wakamweleza yote yalivyokuwa.

"Tuandike sote," alisema Tatu.

"Haiwezekani, binti yangu," alijibu Bwana Sorabji. "Watu wataona mdomo mmoja na kusikia sauti moja. Nikiandika waimbaji watatu watauliza wawili wako wapi, na picha yote itakuwa kichekesho. Jina ni moja."

Mwanamize akasema, "Basi ni langu. Kwa vidole vile ulimwita nani, Bwana Sorabji?"

"Niliita namba tatu."

"Mwasikia? Niliitwa nikaenda, na mnajua nyote kilichonipata. Mji mzima sasa unaijua sura yangu, na nyumba niliyokuwa niende imefungwa. Nikikosa na jina, nitakuwa nimebaki na nini?"

Tatu akasema, "Pole, shoga, kwa posa nakupa pole. Lakini wameililia sauti. Ungeimba wewe, wangelia pia, ila kwa sababu nyingine."

Wenzao wakacheka. Mwanamize hakucheka.

"Na nani alikuita wewe?" akamuuliza.

"Naitwa Tatu tangu siku ya arubaini yangu. Nyinyi wenyewe mmeniita kwa vidole hivyohivyo kila siku. Sijapata kuimba mbele ya mwanamume, hata mjomba wangu. Siku ile niliimba."

Bwana Sorabji akamgeukia Zuwena. "Na wewe, namba nne?"

"Zuwena binti Sudi," akasema. "Mimi sikuitwa kwa namba wala kwa jina, Bwana. Lakini yaondoe maneno yangu, uone kitakachobaki. Huyu anapiga miayo, na huyu anauimbia mrehani."

"Mtoa maneno hatajwi," akasema Mwanamize. "Ndiyo desturi yetu, na wewe unaijua."

"Hatajwi ngomani, kwa sababu ngomani sote twajuana. Mbona Tatu nilimnong'oneza miaka yote sikudai? Lakini picha hii itakwenda kwa watu wasiotujua. Huko nani atawaambia?"

Mwandishi wa mabango, Mzee Kheri Athumani, alikuwa amekwisha kupaka ubao rangi nyeusi. Alichovya brashi katika rangi nyeupe, akaisogeza karibu na ubao.

"Bwana," akasema, "naanza na herufi gani?"

Bwana Sorabji aliinua mkono ili aonyeshe. Akaviona vidole vyake mwenyewe hewani, akaushusha.

Basi nyinyi mliokaa hapa mkanisikiliza, mwambieni Mzee Kheri kabla rangi haijakauka. Mwanamize binti Kombo aliyeitwa, Tatu binti Feruzi aliyeitika, au Zuwena binti Sudi ambaye hakuna aliyemwita: je, nani alistahili jina?