Mkwe Aliyenyimwa Maji ya Kuoga

Wanangu, someni hii mpaka mwisho, kisha mpelekeeni yeyote ambaye maji yake machafu yanateremkia kwa mwenzake.

Palikuwa na kijiji mlimani na kingine bondeni, vyote vikinywa maji ya mto mmoja. Kijiji cha juu kilichimba bwawa la majitaka. Maji ya vyoo na mabafu ya shule na soko yaliingia humo, yakatulia, yakapita polepole katikati ya matete, ndipo yakaenda mtoni. Matete yale ndiyo yaliyoyasafisha.

Mwenyekiti wa kijiji cha juu, Mzee Kajiru, akauona udongo mweusi wa pale kwenye matete, akautamani. Akang'oa matete, akapanda magimbi. Akachimba na mfereji wa pembeni, majitaka yasije yakayazamisha magimbi yake. Uchafu ukashuka mtoni kama ulivyo.

Basi bondeni watoto wakaanza kuharisha. Mtoto wa mama mmoja, Nambike, akafa. Nambike na wanawake wenzake wakapanda mlima kumlalamikia mwenyekiti.

Akawacheka. "Nyie wa bondeni mna maneno! Chemsheni maji. Mto una mbio, unajisafisha wenyewe. Au mnataka nije niwaoshee na vyombo?"

Wakashuka na uchungu wao.

Sasa huyu Kajiru alikuwa na binti, Nakijwa, ameolewa huko huko bondeni. Alipojifungua, baba akaja kumwona mjukuu, kanzu nyeupe, jogoo mkononi. Kwao kule, mgeni akifika hukaribishwa kwanza maji ya kuoga, atoe jasho la njiani. Mama mkwe wa Nakijwa akainuka kuchukua ndoo.

"Mama, weka ndoo chini," Nakijwa akasema. "Baba haogi hapa."

Kumnyima mkwe maji ni kumtukana mchana kweupe.

"Umerukwa na akili?" Kajiru akafoka. "Mimi baba yako unaninyima maji?"

"Sikunyimi, baba. Maji haya ulishayaoga kwako. Ulishayachambia pia."

Akamfunua mtoto. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, analia na sauti haitoki.

Mzee akamwinamia mjukuu. "Mwanangu, mbona hukunitumia salamu kwamba mjukuu wangu anaumwa? Ningeyang'oa yale magimbi siku hiyo hiyo!"

Hapo ndipo Nakijwa alipowaka.

"Kumbe ulikuwa unajua! Nambike alikuja mpaka mlangoni kwako, kanga ya msiba bado iko kichwani, ukamwambia achemshe maji. Ulikuwa unasubiri aumwe wa kwako?"

Mzee akamweka jogoo chini. Akapanda mlima bila kuoga, bila kula, akang'oa magimbi kwa mikono yake, akafukia mfereji, akarudisha matete. Mjukuu alikimbizwa zahanati, akapona.

Wa Nambike hakurudi. Na wapo wanaomsifu Kajiru eti alitengeneza bwawa. Mimi simsifu.

Funzo: Anayengoja uchafu wake umguse wa kwake ndipo auzuie, alikuwa na uwezo wa kuuzuia tangu mwanzo, ila watoto wa wenzake hakuwaona kuwa ni watoto.