Mpira wa Mlango wa Friji

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, mita za umeme za kulipia kwanza zilipokuwa zimeshaingia karibu kila nyumba, palikuwa na mama mmoja wa Isevya, mjini Tabora, jina lake Bi Kidawa. Alikuwa na nyumba ya vyumba sita, mita moja, na watu ambao mikono yao ilijua kuwasha tu. Kuzima hawakufundishwa.

Sikilizeni walivyokuwa. Salme, mke wa mwanawe Idi, alichemsha maharage makavu kwa jiko la koili tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ndalahwa, fundi saa aliyepanga chumba cha uani, alichemsha maji ya kuoga kwa hita ya ndoo, hata mwezi wa kumi, jua la Tabora linapopasua vichwa. Mashavu, mjane, mdogo wake Bi Kidawa wa tumbo moja, alikuwa na friza la barafu za ubuyu lililonguruma usiku na mchana. Na sebuleni lilikaa friji la Bi Kidawa mwenyewe. Humo ndimo alimohifadhi dawa ya mumewe, Mzee Hemedi, aliyejichoma sindano za kisukari kila siku.

Umeme wa mwezi uliisha kwa siku nane. Mita ikianza kulia tii, tii, Bi Kidawa hujifunga kanga kiunoni akaanza kuzunguka.

"Nani kaacha taa ya choo?"

"Si mimi, mama."

"Nani kaacha pasi kwenye soketi?"

"Si mimi, Mama Idi."

"Na hii redio inamwimbia nani?"

"Si mimi, dada."

"Basi ni mimi!" Bi Kidawa hufoka. "Mimi ndiye mwenye mikono ishirini!"

Wakacheka. Naye akazima, akaenda kununua yuniti nyingine, na kesho yake taa ya choo ikawaka tena mchana kweupe.

Siku moja Bi Kidawa akaenda Nzega kwenye harusi ya mpwa wake, siku nne. Aliaga nyumba nzima, akasema mara tatu, "Umeme ukiisha, nunueni. Dawa ya mzee imo kwenye friji." Wote wakaitikia.

Umeme uliisha siku ileile aliyoondoka. Salme akasema, "Mimi nilinunua mara ya mwisho, safari hii ni zamu ya Ndalahwa." Ndalahwa akasema, "Mimi sina friji wala friza, anunue Mashavu." Mashavu akasema, "Barafu zangu zimeshayeyuka, hasara nimepata, na yuniti ninunue mimi?" Kila mmoja akanuna, akawasha mshumaa wake, akafunga mlango wake. Friji likakaa limefungwa kimya, joto ndani kama tanuri, na dawa ya mzee humo humo. Mzee Hemedi hakutaka kugombanisha watu. Aliendelea kujichoma dawa ileile.

Bi Kidawa aliporudi, alimkuta mumewe kitandani, midomo imekauka, anahema kwa haraka, anamwita mkewe kwa jina la mama yake mzazi. Alimpeleka hospitali akiwa bado na nguo za safari. Daktari aliitazama ile chupa, akauliza, "Mama, dawa hii mliiweka wapi?"

"Kwenye friji lisilo na umeme," Bi Kidawa alisema. Daktari akasema joto limeiharibu, akaandika nyingine.

Mzee alilazwa siku tano, akapona. Siku aliporudi nyumbani, Bi Kidawa aliwaita wote sebuleni. Hakufoka, na hilo ndilo lililowatisha.

"Nimechoka," alisema. "Nimesema mpaka koo limeniota kutu. Sasa sisemi tena. Kile chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, kila mmoja wenu kaniomba. Salme unakitaka kwa cherehani, Ndalahwa kwa meza ya saa, Mashavu kwa genge la juisi. Atakayefanya umeme wa nyumba hii ufike mwisho wa mwezi, ni chake mwaka mzima, bure."

Wa kwanza kuamka alikuwa Salme. Kesho yake koili ilifungiwa uvunguni. Maharage akayaloweka usiku kucha, akayachemsha kidogo kwa mkaa, kisha akafunika sufuria akaizika kwenye kapu lililojaa matambara, yakaivia humo kwa joto lake. Nguo akazipiga pasi mara moja tu kwa juma, zote pamoja. Hita ya ndoo akamnyang'anya Ndalahwa. Badala yake aliweka madumu meusi ya maji juani tangu saa nne. Taa akazifuata moja moja. Wakamwita askari, wakamwita mkwe wa mita. Siku moja mvuke wa sufuria ukamwunguza mkono, akafunga kitambaa akaendelea. Na kila siku ilikuwa hivyo hivyo, maana taa ikizimwa leo, kesho kuna mtu ataiwasha.

Mwezi ule umeme ulifika siku kumi na tatu. Tii, tii.

"Kumi na tatu!" Bi Kidawa akashika kichwa. "Tumezima kila kitu, unakwenda wapi? Kuna mtu anaunywa?"

Ndalahwa alikuwa amekaa sebuleni anatengeneza saa ya Mzee Hemedi, sikio lake limezoea kusikia vitu vidogo. Yuniti mpya zilipoingizwa, alisikia kitu kikubwa. Alikaa pale asubuhi nzima, kisha akasema, "Mama Idi, friji lako halipumziki. Friji lililo zima hunguruma, likanyamaza, likanguruma. Hili halijanyamaza hata mara moja."

Akachukua kipande cha gazeti, akakifungia mlangoni mwa friji, akakivuta. Kikatoka bila kushikwa. Mpira wa mlango ulikuwa umechakaa. Baridi ilikuwa inavuja miaka yote.

Bi Kidawa alikaa chini. Mwizi aliyemtafuta katika kila chumba alikuwa wake mwenyewe.

Ndalahwa akaulizia mpira kama ule mjini kote. Haukuwapo. Akaambiwa asubiri utoke Dar es Salaam, labda miezi miwili. Akarudi, akasimama uani akilitazama friza la Mashavu. Mpira wa kifuniko chake ulikuwa mpya, mnene.

"Usithubutu," Mashavu akasema.

"Nikiukata, utatosha."

"Na mimi nitakula nini? Friza bila mpira ni sanduku."

Mashavu akaingia chumbani kwa Mzee Hemedi, akamkuta anajichoma sindano, ngozi imelegea mkononi. Alitoka macho mekundu. Akachomoa waya wa friza kwa mkono wake, akaung'oa mpira, akamtupia Ndalahwa. "Chukua kabla sijageuza moyo."

Ndalahwa akaupima, akaukata, akaubandika. Friji likanguruma, kisha, mbele ya macho yao wote, likanyamaza.

Mwezi uliofuata umeme ulifika siku ya mwisho, na ukabaki. Dawa ya mzee ikawa baridi. Bi Kidawa akautoa ufunguo wa chumba cha mbele, na hapo nyumba ikawaka kuliko taa.

Salme akasema, "Mama, mimi nilianza hawa wakiwa wananicheka. Na mpaka leo mimi ndiye ninayezima. Mpira ulibandikwa mara moja. Mimi nafanya kazi kila siku. Nikiacha juma moja tu, mtaona."

Ndalahwa akasema, "Angezima mpaka kiama, Mama Idi, asingefika mwisho wa mwezi. Ugonjwa niliuona mimi. Na mpira bila mkono wangu ungebaki mpira."

Mashavu akasema, "Salme alitoa jasho, Ndalahwa alitoa akili, na vyote bado wanavyo. Mimi nilitoa riziki yangu, dada, na haijarudi."

"Friza lako ndilo lililokuwa linatumaliza!" Salme akadakia.

"Na koili yako je? Na hita yake?"

"Nyamazeni!" Bi Kidawa akapiga meza. "Wote watatu mlikaa gizani siku nne mkamwachia mzee dawa mbovu, leo mnanidai!" Akamgeukia mumewe. "Wewe sema. Uhai ni wako."

Mzee Hemedi akatikisa kichwa. "Mke wangu, asubuhi nimekula maharage ya Salme, nimetazama saa ya Ndalahwa, nimefungua friji la mpira wa Mashavu. Usinitie kwenye hilo."

Mpaka jua linashuka Bi Kidawa alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo umelowa jasho kiganjani mwake, watatu wanamtazama, hakuna anayeondoka.

Nami nawauliza ninyi mliokaa hapa kunisikiliza, na msinijibu kwa kugawa chumba mara tatu, maana ni chumba kimoja: aliyetoa jasho, aliyetoa akili, na aliyetoa riziki, je, nani alistahili ufunguo?