Kopo la Vifungo

Ugonjwa hauna adabu. Ukiufungia ndani hutoka wenyewe, tena mbele ya watu. Fundi Maridadi hakusadiki mpaka yakamfika.

Fundi huyo wa suti aliwahi kuugua kifua kikuu. Vidonge alivificha katika kopo la vifungo, akavimeza akiwa amewapa wateja kisogo. Muuguzi alimsihi awapeleke wa nyumbani wakapimwe, naye akatia pamba masikioni.

"Wateja wakijua, nani atanipa bega lake nilipime?" alimwambia mkewe.

Alipona. Kisha binti yake, aliyeketi ubavuni pake akishona vifungo, akaanza kuumwa kichwa, na siku moja akaanguka kifafa juu ya cherehani.

Hospitalini, picha ya ubongo ilionyesha vivimbe. Daktari alikuja kitandani kwa binti.

"Kifua chake ni safi," alisema. "Huenda ni kifua kikuu kimepanda kichwani, huenda ni saratani. Nyumbani kuna aliyewahi kuugua kifua kikuu?"

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mteja mkubwa wa fundi, amekuja kumwona mgonjwa wake. Fundi akamtupia jicho mteja huyo.

"Hakuna, daktari. Kwetu hatuujui ugonjwa huo."

Mkewe alimvuta hadi kwenye korido. "Baba, rudi ukamwambie."

"Nyamaza, mama. Tutakula nini?"

Mama akanyamaza, na kunyamaza huko kunamla hadi leo. Kwa neno la fundi, daktari aliona heri kumpasua binti kabla ya kumpa dawa, akate kipande cha uvimbe kipimwe. Foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu. Akiisubiri, binti alipoteza macho, kisha fahamu. Kipande kilipopimwa, kilikuwa kifua kikuu. Dawa alipewa siku hiyo hiyo, ila maji yalikwisha kumwagika. Walimzika.

Matanga hayajaisha, muuguzi mwingine akaja na vikopo vya kupimia makohozi.

"Poleni sana. Wa nyumba hii wote lazima mpimwe. Nani aliugua kwanza?"

Fundi aliinamia viatu vyake. Mama akaingia ndani, akatoka na kopo, akalimwaga mkekani. Katikati ya vifungo palikuwa na karatasi tupu za vidonge.

"Huyu hapa," alisema. "Baba yake."

Kati ya wateja waliojaa matangani, hakuna aliyeondoka. Yule mteja mkubwa akamsogelea fundi, akamshika bega.

"Fundi, hata mimi niliugua," alisema taratibu. "Suti yangu ya kwanza ulinipima nikiwa kwenye dawa. Ungesema tu."

Hapo fundi akalia kwa sauti, mbele ya wateja wake wote. Kweli, mficha maradhi, kilio humfichua.