Sinia Lisilorudi Kushoto

Karamuni kwa Mwinyi Mbarawa, tajiri wa mji, watu wanne walilizunguka sinia moja la pilau, kila mmoja upande wake. Adabu ilikuwa mtu ale cha mbele yake tu. Paja la mbuzi likamwangukia Ngwali, msuka mikeka, aliyekuwa hajaonja nyama tangu Idi.

Tajiri, aliyekaa kuliani kwa Ngwali, akalisukuma sinia robo mzunguko. Paja likatua mbele yake.

"Nyumbani kwangu sinia huenda kulia," alisema. "Atakayelirudisha kushoto atatoka nje na njaa yake."

"Nyumba ni yako, Mwinyi," Ngwali alijibu kwa upole. "Na kulia je?"

"Kulia zungusha mpaka uchoke!"

"Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia," wale wageni wawili waliitikia.

Tajiri akatia tonge la kwanza mdomoni. Kabla hajalimeza, Ngwali alikuwa amelisukuma sinia kulia mara moja, mbili, tatu.

"Umelirudisha!" tajiri alifoka, wali ukimruka mdomoni.

"Sijarudi nyuma hata kidogo, Mwinyi. Nimeifuata njia yako mpaka mwisho," alisema Ngwali, paja likiwa tayari lina alama za meno.