Zimwi Aliyesomewa Barua

Sogeeni karibu, hadithi imeshaketi. Zamani za vita, Lugendo alikuwa askari nchi ya mbali, na mkewe Siwema alilima nyumbani. Barua zao zilipita msitu wa zimwi.

Siku ya kwanza zimwi alimkamata tarishi. "Nisomee, la sivyo nakumeza!"

Tarishi akasoma: mahindi yamechanua. Zimwi akamwachia.

Siku ya pili akasomewa: mtoto ameota jino. Akacheka.

Siku ya tatu akasomewa barua ya Lugendo: "Mke wangu, nimevunjika mguu. Usiningoje."

Zimwi akalia. Akakimbilia vitani, akambeba Lugendo mgongoni hadi nyumbani kwa Siwema.

Siwema hakuogopa. "Karibu, shemeji, kaa ule."

Zimwi akala, kisha akauliza kwa aibu, "Nikirudi msituni, na mimi utaniandikia?"

"Nitakuandikia."

Na kweli akamwandikia. Hadithi yangu nimeitua hapo.